Kipimajoto cha kwapani na chupa ya dawa ya homa: tathmini ya vitu viwili vya kuweka nyumbani

Nyumba nyingi za Unguja zina feni na simu tatu au nne, lakini hazina kipimajoto. Homa ya mtoto hupimwa kwa kiganja kinachowekwa juu ya paji la uso, na mara nyingi kiganja hicho huwa kimetoka jikoni au kwenye maji ya kufulia. Kiganja cha mama si cha kudharauliwa: akisema mtoto hana homa, kwa kawaida huwa amesema kweli, anaposema anayo ndipo hukosea mara kwa mara, na hawezi kabisa kujua kwa kiganja kama joto la saa nne za usiku limezidi lile la magharibi. Kwa hiyo nimeona inafaa kukitathmini kipimajoto cha dijitali cha kwapani, kinachouzwa katika maduka mengi ya dawa kuanzia Darajani hadi Mwanakwerekwe, pamoja na chupa ya parasetamoli ya maji ambayo mnunuzi wa kipimajoto aghalabu huondoka nayo siku hiyo hiyo. Hukumu yangu naitoa mapema: kipimajoto kinafaa na bei yake ni ya haki, dawa ni njema ikipimwa sawasawa, na karatasi za maelezo za vyote viwili ni dhaifu sana.

Kifaa chenyewe ni kijiti cha plastiki cha urefu wa kalamu, chenye ncha ya chuma, kidirisha cha tarakimu na kitufe kimoja. Hutumia betri ndogo ya duara ya aina ya LR41, ambayo hata mafundi wa saa huwa nayo. Husoma kuanzia nyuzi 32 za Selsiasi hadi karibu 43, na usahihi unaotajwa kwenye boksi ni sehemu moja ya kumi ya digrii juu au chini, jambo la kawaida kwa vifaa vya namna hii. Zipo aina mbili, yenye ncha ngumu na yenye ncha inayopindika, na tofauti ya bei ni ndogo; achukue ya kupindika yeyote mwenye mtoto anayejinyonganyonga. Kifaa hukumbuka kipimo cha mwisho na kukionyesha kinapowashwa, jambo ambalo linasaidia unapofika kituo cha afya asubuhi na kuulizwa homa ya usiku ilikuwa kiasi gani. Kasoro yake ya kukera ni kwamba kitufe kikibanwa kwa muda hugeuza kipimo kuwa cha Farenhaiti. Mtoto mkubwa akikichezea, kesho yake nyumba nzima husimama kwa kuona 98.6 kwenye kidirisha, ilhali hiyo ndiyo 37 ile ile ya mtu mzima wa afya.

Jambo ambalo karatasi ya maelezo ingepaswa kulisema kwa herufi kubwa ni habari ya mlio. Mnunuzi hudhani kwamba kifaa kikilia kazi imekwisha. Kwa vifaa vingi vya aina hii mlio hutoka pale ambapo joto linaongezeka kwa chini ya sehemu moja ya kumi ya digrii ndani ya sekunde zipatazo 16, na kwapa, kwa kuwa ni ngozi ya nje tu iliyobanwa, huchelewa kufikia joto lake kamili. Kikiachwa mahali pake dakika tatu au nne baada ya mlio, tarakimu huendelea kupanda, na mara nyingine nyongeza hiyo ndiyo inayotenganisha mtoto mwenye homa na asiye nayo. Kwapa lifutwe jasho kwanza, kwani mwezi wa Februari hakuna kwapa kavu mjini Unguja. Ncha iguse ngozi, isiguse fulana. Mkono ubanwe kifuani. Na mtoto asiwe ametoka kuoga wakati huo huo wala kufunuliwa kanga mbili alizokuwa amefungwa. Anayeona dakika hizo ni nyingi akumbuke kwamba vipimajoto vya katikati ya karne ya 19, ambavyo daktari Mjerumani Carl Wunderlich alivitumia kwa wagonjwa wapatao 25,000 kabla ya kutangaza mwaka 1868 kwamba joto la kawaida la mwili ni nyuzi 37, vilihitaji robo saa na zaidi kwapani kwa kila kipimo.

Tarakimu ikishapatikana, karatasi hunyamaza. Hapo ndipo ninapolaumu, kwa sababu kifaa kinachotoa namba bila kueleza namba hiyo inataka nini humwacha mzazi na hofu kubwa kuliko aliyokuwa nayo. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani kwa watoto wadogo huanza kuita homa pale kwapa linapofika 37.5, na huita homa kubwa, inayostahili parasetamoli, pale linapofika 38.5. Joto la mwili pia halikai mahali pamoja siku nzima: alfajiri hushuka na alasiri hupanda, hata kwa mtu asiye na ugonjwa wowote, kwa hiyo vipimo viwili vilinganishwe kwa saa zinazofanana.

Homa yenyewe si ugonjwa, bali ni kazi inayofanywa na mwili. Vijidudu vikiingia, chembe za kinga hutoa kemikali ambazo husababisha kutengenezwa kwa prostaglandini, kemikali nyingine za mwili, na hizi huiamuru sehemu ndogo ya ubongo iitwayo haipothalamasi ipandishe kiwango cha joto inachokilinda. Tangu hapo mwili unajiona una baridi ingawa una nyuzi 38, na ndiyo maana mtoto hutetemeka, mikono na miguu yake ikawa ya baridi, na bibi yake akaleta blanketi. Ukimpima katika saa hiyo ya kutetemeka, kipimajoto kitaonyesha joto linalopanda, na blanketi litaongeza tu. Kiwango kikishushwa, iwe kwa dawa au kwa ugonjwa kuisha, mwili hujiona una joto la kupita kiasi, jasho humwagika, na watu husema homa imekatika. Parasetamoli hufanya kazi hapo kwenye prostaglandini. Haiui kirusi wala kimelea cha malaria. Vilevile haina la kumfanyia mtoto aliyepandwa na joto kwa kuachwa ndani ya gari lililofungwa juani, kwani joto lake halikutokana na amri ya ubongo. Huyo anahitaji kivuli, kumwagiwa maji mwilini, feni na hospitali.

Mwenye duka atakushawishi uchukue kipimajoto cha kuelekeza kwenye paji la uso, ambacho watu walikizoea milangoni wakati wa UVIKO-19. Katika duka moja la dawa karibu na soko la Darajani kijana aliniambia, “Mama, hivyo vya kwapani vimeshapitwa, chukua hiki, sekunde moja tu,” kisha akanielekezea nikiwa bado na jasho la kutoka juani. Kilisoma 35.1. Akanifuta paji la uso kwa kitambaa, akaelekeza tena, kikasoma 36.8, naye akasema kwa furaha, “Sasa iko sawa, mama.” Kijana hakuwa mwongo, wala kifaa hakikuwa kibovu. Kipimajoto cha namna hiyo hakipimi joto la ndani ya mwili. Hupima mionzi ya joto inayotoka kwenye ngozi, kisha hukadiria joto la ndani, na jasho linalokauka, upepo wa feni, jua la njiani au umbali usiolingana na ulioandikwa kwenye kitabu chake huharibu makadirio hayo. Kwa mlangoni mwa skuli yenye wanafunzi mia nne kinafaa. Kwa chumba kimoja cha Magomeni chenye feni inayozunguka usiku kucha, chenye mtoto mmoja anayetoka jasho, nisingelipa bei yake ambayo ni mara kadhaa ya ile ya kijiti cha kwapani. Ukanda wa plastiki unaobandikwa kwenye paji na kubadilika rangi, ambao nao huuzwa hapa na pale, sina la kuusifia.

Sasa chupa. Parasetamoli ya maji iliyo ya kawaida ina miligramu 120 katika kila mililita 5, lakini ipo pia yenye miligramu 250 katika mililita 5 hizo hizo, na chupa zake zinaweza kufanana kwa rangi na kwa picha ya mtoto anayecheka. Mzazi aliyezoea moja akiletewa nyingine hutoa zaidi ya maradufu bila kujua. Dozi sahihi hutokana na uzito, yaani miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kwa kawaida kila baada ya saa 6, na isizidi mara nne kwa siku moja. Mtoto wa kilo 10 anahitaji kati ya miligramu 100 na 150, kwa hiyo mililita 5 za dawa ile ya 120 zinamtosha vizuri. Wa kilo 6 akipewa mililita hizo hizo 5 amepewa zaidi ya kipimo chake, na wa kilo 16 amepunjwa. Lebo nyingi hugawa kwa umri, na umri hudanganya, kwa kuwa watoto wawili wa mwaka mmoja mjini na shamba wanaweza kupishana kwa kilo tatu. Uzito umeandikwa kwenye kadi ya kliniki. Ni bora kadi hiyo ikae pamoja na chupa.

Kasoro kubwa ya chupa niliyoinunua ni kijiko chake cha plastiki, ambacho mistari yake imefifia kiasi kwamba huwezi kuitofautisha mililita 2.5 na 5 usiku kwa mwanga wa simu. Watu wengi hukitupa na kuchukua kijiko cha chai cha jikoni, na vijiko vya chai havilingani: kimoja hubeba mililita 3, kingine 6. Nashauri kununua bomba la sindano la mililita 5 au 10 lisilo na sindano yake, ambalo karibu kila duka la dawa huwa nalo kwa bei ndogo, na kumtilia mtoto dawa taratibu pembeni mwa shavu. Kumbuka pia kwamba dawa nyingi za mafua na kikohozi tayari zina parasetamoli ndani yake, hivyo mtoto anayepewa mbili kwa pamoja anapewa dozi mara mbili, na ini ndilo hulipa. Mtoto mwenye nyuzi 38 anayecheza na kunywa uji hana haja ya dawa yoyote ya kushusha homa. Dawa hii ni ya kumwondolea taabu, na taabu haionekani kwenye kidirisha cha kipimajoto bali kwa mtoto mwenyewe.

Kwa nini basi nasisitiza parasetamoli na si dawa nyingine za homa na maumivu zilizopangwa kwenye kabati lile lile? Aspirini haipewi watoto, kwa kuwa imehusishwa na ugonjwa wa nadra lakini mbaya wa ini na ubongo. Ibuprofeni na diklofenaki zina kazi yake, ila katika nchi ya kidingapopo, yaani homa ya dengi inayoletwa na mbu, hazifai kuanzwa na mtu asiyejua homa yake ni ya nini, maana huongeza hatari ya kutoka damu. Dar es Salaam ilipata mlipuko mkubwa wa kidingapopo mwaka 2014, na boti za kwenda na kurudi baina ya bandari zetu hazisimami siku hata moja. Mbu wake huuma mchana, na huzaa katika maji safi yaliyotuama kwenye mapipa, matairi na makopo, vitu ambavyo hakuna mtaa wa Ng'ambo usiokuwa navyo.

Kidingapopo pia ndicho kinachoonyesha mpaka wa kipimajoto waziwazi kuliko maradhi mengine ninayoyajua. Saa zake za hatari kwa kawaida huja baina ya siku ya tatu na ya saba, pale homa inaposhuka. Mzazi anatazama kidirisha, anaona 37, anashukuru, kumbe mtoto analalamika tumbo, anatapika mfululizo, fizi zinatoa damu na mwili unalegea. Kifaa kimesema kweli na kimepotosha kwa wakati mmoja. Kadhalika mtoto mwenye utapiamlo mkali na mzee wa miaka themanini wanaweza kuwa na maambukizi makubwa bila kupandisha joto hata kidogo. Kwa upande wa pili, nyuzi 39.5 za mafua ya kawaida zinaweza kuwa za mtoto ambaye kesho kutwa atakuwa anakimbia barazani.

Kwa sababu hiyo orodha ambayo ningetaka ichapishwe kwa Kiswahili nyuma ya boksi si ya namba peke yake. Mtoto wa chini ya miezi mitatu mwenye nyuzi 38 apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, usiku au mchana, bila kusubiri dawa ifanye kazi. Mwenye umri wowote asiyeweza kunywa au kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepatwa na degedege, aliyelegea au haamki vizuri, aliyekaza shingo, au ambaye mbavu zake zinaingia ndani anapovuta pumzi, apelekwe hata kama kipimajoto kinaonyesha 37.2. Pumzi zinaweza kuhesabiwa nyumbani kwa saa ya simu mtoto akiwa ametulia: zikifika 50 kwa dakika kwa mwenye miezi 2 hadi 11, au 40 kwa mwenye mwaka mmoja hadi minne, ni za haraka mno, na kipimo hicho hakina gharama yoyote.

Kuhusu malaria lazima niseme kwa uangalifu, kwani hapa ndipo Unguja na Pemba zilipobadilika sana huku fikra za watu zikibaki nyuma. Tangu dawa mseto zilipoanza kutumika Zanzibar mwaka 2003, na kwa msaada wa vyandarua na upuliziaji wa majumba, maambukizi yalishuka hadi chini ya asilimia moja ya watu. Watafiti waliowachunguza watoto 677 wenye homa huko Kivunge, kaskazini mwa Unguja, mwaka 2011 waliikuta malaria kwa nadra sana. Wengi walikuwa na maambukizi ya virusi, na asilimia 74 walipewa antibayotiki ingawa waliozihitaji, kwa hesabu iliyofanywa baadaye, walikuwa asilimia 22. Kwa hiyo mtu anayekwenda dukani kununua mseto na antibayotiki kwa pamoja, “ili tukomeshe,” mara nyingi huwa ananunua dawa mbili asizozihitaji. Hata hivyo malaria haijatoweka, na wengi wanaoipata wametoka safari ya Bara au wamepokea mgeni, kwa hiyo kila homa ipimwe. Kipimo cha haraka cha tone la damu kutoka kidoleni hutoa jibu baada ya dakika zipatazo 15 hadi 20, na kinapatikana katika vituo vya afya. Kipimajoto hakiwezi kuitambua malaria, na hakuna namba yoyote kwenye kidirisha chake inayoruhusu kuanza mseto nyumbani.

Degedege huwatia watu hofu kuliko yote, na kwa haki. Huwapata watoto wachache kati ya miezi 6 na miaka 5 homa inapopanda, na mara nyingi huisha ndani ya dakika tano. Mtoto alazwe ubavu mahali pasipo na kitu cha kumuumiza, asitiwe kijiko wala kidole mdomoni, saa itazamwe, kisha apelekwe hospitali, kwa sababu malaria kali na homa ya uti wa mgongo nazo huleta hali hiyo hiyo. Sitagombana na anayetaka kisomo au kombe; nasema tu kwamba kisomo kinaweza kusomwa ndani ya gari linalokwenda hospitali ya Mnazi Mmoja, au ya Abdalla Mzee kwa walio Mkoani, Pemba. Tangazo la baadhi ya wauzaji kwamba kipimajoto na dawa “vinazuia degedege” si la kweli: dawa za kushusha homa hazijaonekana kuzuia degedege la homa, na aliyenunua kwa ahadi hiyo ameuziwa kitu kisichokuwamo ndani ya boksi.

Maji ya vuguvugu kwa kitambaa hushusha joto kwa muda mfupi, na mtoto akiyapenda hakuna ubaya; ya barafu humtetemesha, na kutetemeka huzalisha joto. Kumfukiza mtoto mdogo mvuke wa mwarobaini chini ya blanketi, desturi ambayo bado ipo, kunaongeza joto analojaribu kulitoa na kuna hatari ya kumuunguza. Maziwa ya mama, maji, madafu na uji mwepesi vina manufaa zaidi, kwa kuwa mwenye homa hupoteza maji mengi kuliko tunavyodhani.

Kijiti hiki kina ubora mmoja zaidi ambao muuzaji hakuutaja: hakina zebaki. Vipimajoto vya kioo bado vimo katika droo za nyumba nyingi, hasa za watu waliowahi kuwa na mhudumu wa afya katika ukoo, ingawa Mkataba wa Minamata uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza na kuuza vifaa hivyo baina ya nchi. Chako kikiwa kizima, kipeleke kituo cha afya na uulize wanavipokea wapi. Kikivunjika, watoto watolewe chumbani na madirisha yafunguliwe, usifagie kwa ufagio kwa sababu unatawanya zebaki kuwa chembe ndogo zaidi, kusanya matone kwa karatasi ngumu, yatie ndani ya chupa yenye kifuniko kinachobana, na usiyamwage chooni.